Usisimame chini ya mafundi

Bukavu, Kadutu

Binti yangu, mama yangu,

Ujumbe wako umefika. Mdogo wako amenisomea mara mbili, maana miwani yangu imevunjika mkono. Jumatatu unaanza staji, mafunzo ya kazi, kwenye shantie, pale wanapojenga nyumba ya orofa nne. Nimefurahi sana. Mama yako ameshawaambia hata wauza samaki wadogo wa sambaza. Lakini mimi nilikuuliza jambo moja tu, kama watakupa kaske, kofia ngumu ya kazi, na wewe ukanijibu kwa somo la fizikia.

Somo nimelisikia. Tofali la kilo 3 likianguka, dunia inalivuta, nalo linaivuta dunia kwa nguvu ile ile, nyutoni 30 hivi. Nilidhani umekosea. Nimejenga miaka 26, sijaona ardhi ikipanda kulipokea tofali. Ndipo mdogo wako akafika pale uliposema dunia ni kilo 6 zikifuatwa na sifuri 24, kwa hiyo nguvu inayolikimbiza tofali inaisogeza dunia kidogo mno, umbali mdogo sana kuliko hata upana wa kiini cha atomu. Mwezi, kwa ukubwa wake, ndio unaoiyumbisha kweli: viwili hivyo vinazunguka nukta moja iliyo kilometa 4,700 hivi kutoka katikati ya dunia, bado ndani ya dunia yenyewe. Hilo lilininyima usingizi. Mimi sikufika huko shuleni. Wewe umefika, na ninajivunia.

Sasa nisikilize. Dunia haitaumia. Tofali likitoka mita 9, orofa ya tatu, linafika chini kwa kilometa 48 kwa saa, mwendo wa gari. Na bulo dogo, ile skrubu ya nati, nalo linafika kwa kasi hiyo hiyo. Wewe ndiye ulinieleza habari za David Scott, mwanaanga wa Marekani aliyeachilia nyundo na unyoya mwezini mwaka 1971, vikafika chini pamoja. Basi usidharau kitu kwa udogo wake. Vaa kaske. Usisimame chini ya mafundi, hata mkubwa wako akikuita hapo. Mwambie asogee yeye.

Umeandika pia kwamba fundi akipandisha tofali, miguu yake inaisukuma dunia chini kidogo, na tofali likianguka dunia inarudi pale ilipokuwa. Sawa. Mkono wa yule kijana aliyekuwa akinichanganyia simenti haukurudi. Unayajua, sitayarudia. Kamba ya kufungia nyundo ilikuwa mfukoni mwangu siku ile.

Kwa hiyo ukipanda, funga nyundo kamba. Hata kama wenzako wanakucheka, hata kama unapanda kupima tu.

Hapa tuko salama. Bati la jikoni linavuja upande wa mlango, nitalipiga misumari kabla mvua haijazidi. Ukuta wa nyuma nimeuongezea mawe, kwa kuwa udongo wa kilimani umeanza kuteremka tena. Minervali, karo ya shule ya mdogo wako, imebaki nusu, lakini usitume kitu mwezi huu. Kama hawatoi kaske, nunua yako kwa pesa hiyo. Na mama yako umpigie mchana. Usiku ukipiga anashtuka, halafu halali.

Ukishaipata kaske, tuma picha umeivaa, mkanda umefungwa chini ya kidevu.

Baba yako