Mwanangu, isikilize ikiwa kazini

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia nimeirudia mara tatu. Unataka nikuambie kama mashine ni nzima, lakini umeirekodi boti ikiwa imefungwa kamba na gia haijaingia. Hapo mashine yoyote ya mipigo miwili, yaani ile ambayo kila silinda huwaka kila mzunguko, husikika kama mgonjwa.

Mashine ikizunguka polepole, moshi wa mpigo uliopita hautoki wote. Unabaki ndani na kuchanganyika na petroli mpya, basi mpigo mmoja unawaka, unaofuata unasusa. Ndiyo hiyo pap, pap-pap, pap iliyokutia wasiwasi. Nilipokuwa na umri wako nilitaka kuitibu. Nikakaza skrubu ya kabureta kidogokidogo mpaka mashine ikatulia kama cherehani, nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nimeinyima petroli: kila nikifungua mafuta ghafla inakohoa, inazima, na mkondo unatuchukua. Usiiguse skrubu hiyo.

Iachie ipate moto, uhakikishe maji ya kuipoza yanaruka kwenye kitundu chake cha nyuma. Yasiporuka, zima kwanza, mengine baadaye. Kisha toka nayo mahali peupe, kamba ya kuzimia iwe mkononi, uongeze mafuta taratibu. Kuna mahali ule mlio wa kudokoadokoa utaungana kuwa mvumo mmoja. Mwendo ukifika mizunguko 5,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 83 hivi kwa sekunde, hakuna sikio litakalozihesabu. Ikifika hapo ikavuma bila kuyumba, na boti ikainuka juu ya maji kama siku zote, mashine yako ni nzima hata ikirudi kuguna ukipunguza.

Isipoungana, ikabaki inatetemeka na boti nzito, nashuku silinda moja imelala. Yako ina mbili, na moja inaweza kukurudisha nyumbani huku ikikudanganya kwamba zote zinafanya kazi. Bonyeza ile pampu ya mkono kwenye mpira wa petroli. Mashine ikichangamka, shida iko njiani mwa mafuta: pampu imechoka au mpira unavuta hewa. (Tazama kwanza tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi. Nimewahi kuvutwa hadi pwani kwa sababu ya tundu hilo tu.)

Mtikisiko unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka ni habari nyingine. Angalia propela kama imepinda au imeng'oka kipande. Na mashine ikipiga kelele juu ilhali boti haiendi, raba ya ndani ya propela inateleza.

Moshi wa buluu wakati wa kuwasha usikutishe, ni oili. Ila uichanganye na petroli kwa kipimo cha kitabu chake, si kwa kukadiria kwa jicho.

Sasa fanya hivi. Endesha kwa nguvu dakika chache, zima hapohapo bila kuiacha iungurume polepole, ingoje ipoe, utoe plagi zote mbili. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe kama jivu ina maana silinda inachomeka kwa kukosa petroli. Nyeusi yenye maji ya oili, huyo ndiye aliyelala. Zipige picha zikiwa pamoja, na uniandikie ipi imetoka juu na ipi chini.

Baba yako