Wifi si mvivu, Mama

Leeds, Uingereza

Mama, shikamoo. Na Baba nimwamkie kupitia kwako.

Nimesikiliza ujumbe wako mara mbili. Unasema wifi ametoka arobaini salama, maziwa yapo, ila analia jikoni, mtoto anampakata kama mzigo wa jirani, na mama mkubwa anataka aitwe mganga ampunge. Kabla ya mganga, tuhesabu siku.

Kulia siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua ni kawaida. Homoni zimeshuka ghafla na usingizi hakuna. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Wifi yuko wiki ya tisa. Huzuni ya kutwa, karibu kila siku, kupita wiki mbili, hiyo ni sonona ya uzazi. Yaweza kuanza wakati wowote mwaka wa kwanza, na arobaini huificha: yupo wa kumkanda, wa uji, wa kubeba mtoto. Wakiondoka ndipo inaonekana.

Muulize hivi, mkiwa wawili tu: mtoto akilala, na wewe unapata usingizi? Mzazi aliyechoka husinzia hata ameketi. Mwenye sonona mara nyingi hukodolea dari macho. Usimwambie ashukuru mtoto ni mzima, atanyamaza. Kisha uliza waziwazi kama amewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, na hospitali ni siku hiyohiyo. Vilevile akisikia sauti, akikesha bila kuchoka au akisema yasiyoeleweka: hicho ni kichaa cha uzazi. Mara nyingi huja wiki mbili za mwanzo, lakini kikija hakingoji kuche.

Yasipokuwepo hayo, nendeni naye kwenye chanjo ya wiki ya kumi. Mtoto akishapimwa uzito, mwambieni muuguzi amtazame na mama. Kuna dodoso la Edinburgh la kupima sonona, maswali 10 juu ya siku 7 zilizopita, alama 30 kwa jumla. Akifika 13 aonwe na daktari. Akiwa chini ya hapo na bado analia, aonwe vilevile. Ombeni wapime damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi polepole huiga sonona.

Akiandikiwa sertralini, dawa ya sonona, aendelee kunyonyesha. Inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno. Nafuu huchukua wiki mbili hadi nne, kwa hiyo asiitupe siku ya tano. Akipata nafuu pia asiache ghafla. Kwa kawaida huendelea miezi 6 hivi, na kuacha ni kwa ushauri wa daktari.

Usiku, kaka ashike zamu saa tatu hadi saa nane, wifi alale moja kwa moja. Akamue maziwa kabla, mtoto anyweshwe kwa kikombe safi; kwa joto la Tanga yasikae nje zaidi ya masaa manne. Na kaka mwenyewe mtazame. Kina baba nao hupata sonona, ila wao hununa na kurudi usiku wa manane.

Nauli na hela ya vipimo nimetuma kwenye simu yako, si ya kaka. Mkitoka kliniki nipigie.

Mwanao