Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Awali ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wahitimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Jumamosi hapa Tanga haikosi harusi, nasi tunajua kadi zilizoko mezani kwako si yetu peke yake. Karibu sana.

Mbele yako wamesimama wahitimu 34 wa kozi ya awali ya kompyuta, kozi ya miezi mitatu. Tulianza tukiwa 41. Saba walikatika njiani, na wengi wao ni ada iliyowashinda. Katika sisi tuliobaki wapo waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, wapo vijana wawili wa bodaboda, yupo fundi cherehani mwenye wajukuu, na yupo mama anayeuza samaki katika soko la Deep Sea. Huyo mama nitamrudia.

Ndugu Mgeni Rasmi, wazee wetu waliopo hapa huenda wanakumbuka kwamba kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza mashine hizi nchini. Leo kijana asiyejua kuzitumia hawezi hata kutuma maombi ya kazi serikalini, kwa sababu maombi yenyewe yanapokelewa kwenye mtandao. Wengi wetu tulikuwa tunamlipa kijana wa steshenari atujazie. Tunampa nywila yetu, namba ya kitambulisho, na vyeti vyote, halafu tunaondoka tukiomba Mungu asikosee jina.

Tulianza na vitu vya chini kabisa. Mkufunzi alitueleza kwamba kumbukumbu ya muda ni kama meza ya kazi, na diski ni kama kabati. Tukaandika kwenye daftari, tukaitika ndiyo, hatukuelewa. Tulielewa wiki ya saba. Tulikuwa tunachapa barua ya maombi ya kazi, zoezi la kupimwa, na kila kundi limefika ukurasa wa pili. Umeme ukakatika. Uliporudi baada ya nusu saa tukafungua mashine, na barua hakuna. Meza ilikuwa imefagiwa, na kabatini hakuna aliyeweka kitu. Fundi wetu wa cherehani alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nashona bila kufunga uzi." Tangu siku hiyo, mtu akimaliza sentensi moja tu, mkono wa kushoto unakwenda wenyewe kwenye Ctrl na S, vibonye vya kuhifadhi kazi.

Sasa yule mama wa samaki. Tulipofika kwenye majedwali ya Excel, yeye alikuja na daftari lake la mikopo, lile lenye magamba yaliyokaukia kwenye kurasa. Aliingiza majina safu ya A, madeni safu ya B, akaenda chini akaandika =SUM(B2:B31), yaani jumlisha madeni yote, akabonyeza Enter. Ikatokea 212,000. Akaifuta, akaandika tena. Ikatokea ile ile. Kichwani mwake alikuwa anadai kama elfu themanini. Kesho yake hakuja darasani. Alikuwa anazunguka kwa wadeni. Sisi tunahesabu kwamba siku hiyo ndiyo aliyohitimu, cheti cha leo ni karatasi tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, yapo yaliyotukwaza. Chumba chetu kina kompyuta 14, zinazofanya kazi ni 11. Hewa ya chumvi inakula vyuma vya nyuma ya mashine, na vumbi linamalizia. Kwa hiyo tulikaa watatu watatu, na kundi moja wanne: mmoja ameshika mausi, mmoja yuko kwenye kibodi, aliyebaki anatazama. Nitasema kweli, kwa kuwa risala isiyosema kweli ni mapambo: wapo kati yetu wanaopokea cheti leo ambao walitazama zaidi kuliko walivyogusa. Kipindi kikiisha saa tisa alasiri, mlango unafungwa kwa kufuli, na mashine zinalala hadi kesho.

La pili ni lugha. Mkufunzi anafundisha kwa Kiswahili na tunamwelewa vizuri, lakini vijitabu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Wapo waliojua kuifanya kazi wakashindwa kusoma swali. Na si kwamba haiwezekani: mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Maneno yapo. (Kipanya tumeshindwa kukizoea, tunasema mausi, lakini hilo ni letu.)

Ndugu Mgeni Rasmi, wengi wanaosimama hapa huomba kompyuta mpya. Sisi hatuombi hizo. Tunaomba betri za akiba, zile zinazoitwa UPS, kwa mashine 11 zilizo hai, ili umeme ukikatika mtu apate dakika chache za kuhifadhi kazi yake. Tunaomba fundi wa kuzitazama zile tatu zilizokufa, maana huenda mojawapo inadai kusafishwa tu. Tunaomba utusemee kwa uongozi wa chuo, chumba kifunguliwe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Sisi wahitimu tumekubaliana kuchangia posho ya mlinzi kwa miezi mitatu ya kwanza, na orodha ya majina tumeambatanisha. Mwisho, tunaomba vijitabu vya Kiswahili. Wanne kati yetu wamejitolea kuvichapa, mkufunzi akikubali kusahihisha.

Orodha hiyo ya michango imechapwa na mama wa samaki. Jumla iko chini, na ameihakiki mara mbili.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa kozi ya awali ya kompyuta.