Barua Iliyoachwa Kitini: Kwenu Mnaomkumbuka Nichelle Nichols

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawaandikia hasira zikiwa bado hazijanitoka. Nikisubiri zipoe nitaanza kuwatetea, kwa sababu nawapenda, na safari hii sitaki kuwatetea.

Tulikutana tarehe 30 Julai kama tulivyozoea, siku aliyofariki mwaka 2022, akiwa na miaka 89, mwigizaji Nichelle Nichols, aliyemcheza Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha angani katika tamthilia ya Marekani iitwayo Star Trek. Tukazima taa, tukatazama sehemu moja ya Star Trek ile ya zamani, na ilipokwisha kila aliyetaka kusema akasema. Zamu ikamfikia binti ambaye sijawahi kumwona, wa miaka 17 au 18 hivi. Alisimama na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alipoikunjua nilimwona mikono ikimtetemeka, maana tulikaa safu moja. Akasema, "Nimemwandikia barua."

Hakuwahi kuisoma. Mmoja wenu alimuuliza alianza lini kumjua Uhura, naye akajibu bila kuficha kitu: kwa filamu ya mwaka 2009, ile ambayo Uhura anachezwa na Zoe Saldaña. Ndipo akarudi nyuma kumtafuta wa kwanza. Kusikia hivyo mkaanza kumpa mtihani. Taja sehemu tano. Msimu wa pili ulianza mwaka gani? Nani aliongoza hii tuliyotazama sasa hivi? Wengine mkacheka. Binti aliketi, akaikunja karatasi yake, na taa zilipowashwa kiti kilikuwa kitupu. Karatasi ilibaki palepale juu ya kiti.

Wazee walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa hapa ni mwanawe, ndiye aliyetangaza kifo chake. Mfiwa ni ndugu zake na waliomshika mkono siku za mwisho. Sisi sote, mimi niliyemjua miaka mingi na yule aliyemjua juzi, ni wa mbali. Hakuna wa mbali mwenye haki ya kusimama mlangoni pa msiba akiwauliza wa mbali wenzake kama wanastahili kulia. Nani aliwapa ninyi kazi hiyo?

Nina jambo moja nataka mlisikie vizuri, kwa kuwa mnajisifu mnajua kila kitu. Nichelle alisimulia mwenyewe kwamba enzi za tamthilia ile barua za mashabiki wake zilikuwa zikizuiliwa. Watu walimwandikia, barua zikafika jengoni, lakini mkononi mwake hazikufika, kwa sababu kuna walioona haifai mwanamke mweusi ajue anapendwa kiasi gani. Aliumia sana alipogundua. Sasa nanyi mnaosema mnampenda, mtoto amemwandikia barua, ameileta kwa mguu wake mwenyewe, mkaizuia. Sikulala usiku ule. Ninyi mlilala?

Mnajua pia kisa cha Martin Luther King, maana hamwachi kukirudia. Ila mnakirudia kama wimbo, maana yake imewatoka. Msimu wa kwanza ulipokwisha Nichelle alikuwa ameshamwambia Gene Roddenberry, mtunzi wa tamthilia hiyo, kwamba anaondoka. Alikuwa mwimbaji, aliwahi kuimba na mwanamuziki wa jazi Duke Ellington, moyo wake ulikuwa jukwaani. Mwisho wa wiki hiyo akakutana na King kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani. Kama alivyosimulia, King alimwambia yeye ni shabiki wake, na kwamba tamthilia hiyo ndiyo pekee ambayo yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukesha wakiitazama. Akamsihi asiondoke. Jumatatu Nichelle akarudi kazini. Hebu tazameni: mtu mkubwa kama yule alijitambulisha kwake kwa neno shabiki, na watoto waliokuwa wakichelewa kulala hakuna aliyewauliza wameanza lini kutazama.

Nije kwenye jambo jingine lililonichoma. Mmoja wenu, kijana ninayemheshimu, alisema tusimkuze sana, kwani Uhura "alikuwa anapokea simu tu". Mwanangu, mimi nimekaa kwenye swichibodi miaka 22. Najua maana ya kuvaa hedifoni tangu asubuhi mpaka sikio liwe jekundu, huku mistari minne inalia, mmoja anatukana, mwingine analia kwa sababu mtu wake yuko mahututi na anataka kuunganishwa sasa hivi, nawe sauti yako isipande wala isishuke. Wakubwa wanapita nyuma yako hawakusalimu. Siku ukikosekana ndipo jengo zima linajua kwamba ulikuwapo. Nilipomwona yule mwanamke amekaa wima, mkono mmoja sikioni kwenye kile kidude chake cha kusikilizia, cheo chake luteni, nahodha akigeuza kiti kumuuliza yeye kwanza kuna habari gani, nilijua nimeonekana. Ndivyo dunia ilivyo: kazi ikishafanywa na mwanamke kwa sauti ya upole, inaitwa "tu". Tumewalea vibaya katika hili, na lawama nyingine ni yetu sisi wazazi wenu. Lakini mmeshakuwa watu wazima, liacheni neno hilo.

Na hakuishia kupokea simu za kuigiza. Mwaka 1977, kupitia kampuni yake ya Women in Motion, alifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, kuwatafuta wanawake na watu wa jamii zilizokuwa zimeachwa nje waombe kazi ya uanaanga. Alizunguka Marekani akiwashawishi. Maombi yalipita 8,000. Mwezi Januari 1978 walitangazwa watu 35, kati yao wanawake 6. Humo walikuwamo Sally Ride na Guion Bluford, wote wawili wakaruka mwaka 1983; humo walikuwamo Judith Resnik na Ronald McNair, waliokufa ndani ya chombo cha angani Challenger tarehe 28 Januari 1986. Mae Jemison, aliyemtazama Uhura tangu utotoni, akaruka mwaka 1992, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani. Haya nayataja haraka kwa kuwa yanajulikana. Ila katika kikao chetu kizima hakuna aliyeyataja hata mara moja, kwa vile dakika 20 zilikwenda kwenye busu la mwaka 1968, la Uhura na nahodha wake katika tamthilia.

Kuhusu busu hilo: acheni kuapa kwamba ndilo la kwanza kabisa kati ya mweusi na mzungu kwenye televisheni ya Marekani. Yako yaliyotangulia, inategemea unahesabuje. Lina uzito wake hata bila kuwa la kwanza.

Na ninyi mliosema majivu ya Nichelle yaliyorushwa angani yaliungua juu ya bahari: hayakuungua. Mnachanganya. Roketi ya Vulcan iliyorushwa tarehe 8 Januari 2024 ilibeba vitu viwili. Chombo cha Peregrine kilichokusudiwa kutua mwezini kilipata hitilafu, ndicho kilichorudi na kuteketea. Sehemu ya majivu yake ilikuwa kwenye kipande kingine, pamoja na masalia ya waigizaji wenzake wa tamthilia ile, James Doohan na DeForest Kelley, na hicho kilikwenda kulizunguka jua.

Aliyeonyesha ukutani picha zake za miaka ya mwisho, ugonjwa wa kusahau ulipokwisha kumchosha, asirudie. Mama wa mtu haonyeshwi hivyo.

Halafu ninyi mnaocheka kwamba "Uhura" ni Kiswahili kibovu. Jina hilo limetokana na uhuru, neno letu. Siku ya usaili Nichelle mwenyewe alikuwa na kitabu mkononi chenye jina hilo, na walilibadilisha mwishoni kwa makusudi ili liwe jina la mwanamke. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, Uhura anasemeshwa Kiswahili. Mwaka uliofuata kuna ile ambayo kumbukumbu zake zinafutwa, anafundishwa Kiingereza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na anapokwama anarudi kwenye Kiswahili. Matamshi yana makosa, nayasikia. Lakini mwandishi wa Marekani ya wakati ule, alipojiuliza ni lugha gani itakayobaki moyoni mwa mtu wa karne ya 23 baada ya kila kitu kufutwa, alichagua hii tunayoandikiana sasa. Mimi hufika hapo kila mara nikasimamisha kanda nikanyamaza kidogo. Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kumfungulia mlango kila anayekuja kumlilia.

Binti, kama haya yatakufikia: barua yako ninayo mimi. Niliiokota kabla wafagiaji hawajaingia. Nimeiona salamu yake ya kwanza tu, kwa kuwa ilikuwa upande wa juu, iliyobaki sijaisoma, si yangu. Tarehe 28 Desemba ni siku aliyozaliwa, na tutakutana tena. Nitakuwa nimekaa safu ileile ya pili, upande wa dirisha, na kiti cha pembeni yangu nitakiwekea mkoba ili mtu asikikalie. Njoo uisome. Taa zitakuwa zinawaka, na nimeshawaambia hawa kwamba hakuna swali.

Ni mimi bibi yenu.