Unameza nini, Mwanaidi?

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nitazitoa mwishoni nikizikumbuka. Ujumbe wako wa sauti kuhusu hiyo korona yako nimeusikiliza mara tatu, na mara zote kilichonishtua si kikohozi. Kwa ulivyoeleza unahema vizuri, unakula, homa inashuka. Kilichonishtua ni ule mchakacho wa karatasi ya vidonge huku unaongea. Halafu unasema kwa raha zako: azithromaisini, amoksilini juu yake (zote antibayotiki, dawa za kuua bakteria), na vile vidonge vidogo alivyobakisha Shemeji. Vidonge vidogo! Ile ni deksamethasoni, steroidi ya kutuliza uvimbe ndani ya mwili, na wewe una sukari. Nitarudi hapo, kwanza niteme la rohoni.

Utasema umejifunza kwetu. Kweli. Mwaka 2020 mimi na Rehema, mwenzangu wa kazini, tulikuwa tunagawa azithromaisini wodini kama njugu. Mgonjwa wa korona hajakaa sawa kitandani, keshaandikiwa antibayotiki, asije akawa na bakteria ndani. Woga wetu ulikuwa na asili: katika mafua ya 1918 wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyopanda juu ya virusi, nasi tukangoja korona ifanye vivyo hivyo. Na picha ya kifua ilitudanganya. Mapafu yote meupe, homa 39, nani angethubutu kusema ni virusi peke yake? Majibu ya kuotesha makohozi maabara yanachukua siku kadhaa, na ndugu wa mgonjwa wamesimama mlangoni wanakutazama mikono.

Sasa sikia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu: kati ya wagonjwa 100 waliolazwa kwa korona, waliokuwa na maambukizi ya bakteria ya kuhitaji antibayotiki ni kama 8. Waliopewa antibayotiki ni kama 75! Na azithromaisini yenyewe ilishapimwa Uingereza katika jaribio la RECOVERY, wagonjwa zaidi ya 7,000. Waliopewa na wasiopewa walikufa sawasawa, 22 kwa kila 100. Niliposoma nilicheka, kisha nikakosa raha siku nzima.

Maana bakteria walikuja, ila si pale tulipowavizia. Walikuja baadaye, kwa waliokaa kwenye mashine ya kupumulia. Mpira umepita kooni wiki nzima, mgonjwa hawezi kukohoa, mate yenye vijidudu yanateleza kuelekea mapafuni. Unamkumbuka yule baba wa kitanda cha dirishani niliyekusimulia? Korona ilikuwa inamwachia, tumeanza kupunguza oksijeni, homa ikarudi. Maabara wakaleta jibu: bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwa kabatini. Kuna wakati nafikiri zile dozi zetu za siku ya kwanza zilifagia vijidudu vinyonge na kuwaachia nafasi wakorofi. Siwezi kuapa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwake. Lakini… basi, tuliache.

Turudi kwenye deksamethasoni. Kwa mtu anayehitaji oksijeni inaokoa maisha, hilo sina ubishi nalo. Kwa walio kwenye mashine ilipunguza vifo kwa karibu theluthi. Wewe unapumua hewa ya bure kama mbuzi, hiyo dawa inakusaidia nini? Inapandisha sukari na kuilaza kinga. India mwaka 2021 wale fangasi weusi waliwashika zaidi wenye kisukari, na wengi wao walikuwa wametumia dawa za jamii hiyo. Wengine walitolewa jicho ili ugonjwa usifike kwenye ubongo. Sikutishi. Kidogo nakutisha. Usimeze kingine katika hivyo vidogo mpaka umwone daktari wako wa sukari, na umpelekee karatasi zote, hata ile uliyoitupa kwenye ndoo. Ila kama umeshaitumia wiki mbili au zaidi, usiikatishe ghafla mwenyewe, mpigie leo leo.

Na amoksilini? Virusi haiviui, shoga. Bakteria wa tumboni wasio na kosa ndio wanaoumia, halafu utaniletea malalamiko ya kuharisha. Mimi simo.

Si kwamba nakuambia bakteria hawawezi kukupata. Ukiona umepata nafuu, kisha homa inapanda tena, makohozi yanageuka usaha, kifua kinachoma upande mmoja, hapo usisubiri, nenda upimwe. Hapo hata mimi ningeomba antibayotiki, ila iliyochaguliwa, si mabaki ya Shemeji. Na kikohozi kikivuka wiki mbili, wapime kifua kikuu pia, maana korona haizuii mengine kuwepo.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi, sauti yako inakwaruza: umeanza hivyo vidonge vidogo lini, na umemeza vingapi? Sukari imesoma ngapi asubuhi? Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma ngapi ukiwa umekaa, na ukitembea je? Nani kakuuzia azithromaisini bila cheti? Shemeji aliandikiwa deksamethasoni ya nini hata akabakisha? Na Mama Zuhura keshajifungua, au bado anatuhesabisha siku?

Salamu, nimezikumbuka. Wasalimie wote.

Wako,
Tatu