Shangazi, nile kiapo nisichokijua?

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 20 kutoka Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Nimealikwa kuomba uanachama katika chama cha akina dada hapa chuoni, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi huu.

Kwa wasomaji wasiovijua, vyama hivi huitwa kwa herufi za Kigiriki, na vile vya wanawake weusi vina historia ninayoiheshimu sana. Cha kwanza, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard; Delta Sigma Theta kikazaliwa hapo hapo mwaka 1913, na wiki chache baadaye wanachama wake wakaandamana mjini Washington kudai haki ya wanawake kupiga kura. Uanachama ni wa maisha, na ukishaingia kimoja huwezi kuhamia kingine. Sitakitaja kilichonialika, lakini nilipolazwa hospitali mwaka jana, nikiwa sina ndugu hata mmoja katika nchi hii, dada wawili wa chama hicho walipokezana zamu kando ya kitanda changu mpaka niliporuhusiwa kutoka.

Kinachonizuia ni kiapo. Mwanachama mpya huapa na kufundishwa mambo asiyoruhusiwa kumweleza mtu wa nje, akiwemo mzazi wake, na maneno ya kiapo hayasikii mpaka siku yenyewe. Mama yangu, ambaye ni mtu wa ibada, aliniambia kwa simu kwamba Mwislamu hafungi ahadi asiyoijua, nami nikanyamaza. Nilitamani kumkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka unyagoni, nikafundwa mambo ambayo hadi leo sijamweleza hata kaka yangu. Lakini nilipotafakari zaidi niliona tofauti: kule nilikuwa na somo wangu, mtu mzima anayejulikana na ukoo wote, ambaye angeulizwa endapo ningepatwa na dhara, ilhali huku watakaonifunda ni wasichana wanaonizidi mwaka mmoja au miwili. Wanafunzi wamewahi kufa kwa mateso ya kuwapokea wanachama wapya katika vyama vya namna hii, hata mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani ikatunga sheria inayovilazimu vyuo kutangaza visa hivyo. Dada ninaowajua wamenihakikishia kwamba kwao mateso hayapo na yamekatazwa kwa maandishi, nami nawaamini. Mama hawajui, na simlaumu.

Ada ya kujiunga inazidi dola 1,000, na viza yangu hainiruhusu kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ila hilo naweza kulimudu nikijibana.

Shangazi, nimewaza kuomba nikutanishwe na mwanachama wa umri wa mama yangu, kwa kuwa wapo wengi mjini hapa, ili azungumze na mama kabla sijajaza fomu. Je, inafaa mtu anayeomba kupokelewa atangulize sharti kama hilo? Na iwapo mama atabaki na msimamo wake hata baada ya mazungumzo hayo, nitakuwa nimemkosea radhi nikiapa?

Binti wa Tanga,
Ohio, Marekani