Kuhusu mbegu uliyoniagiza

Saskatoon, Kanada, 9 Januari

Ndugu yangu Tumaini,

Kamwene! Mimi mzima, nyumbani natumaini wote hawajambo. Nisamehe kukaa kimya wiki tatu. Sikutaka kukujibu juu juu. Pole sana kwa shamba la ngano kupigwa na sakitu. Uliposema masuke yamekuwa meupe na ukiyaminya hamna kitu, usiku ule usingizi ulinipaa.

Unataka nikutumie Norstar, ngano inayolala chini ya theluji huku. Hapana, ndugu yangu, ingekuumiza mara ya pili. Ngano hiyo haitoi suke mpaka ikae wiki nyingi kwenye baridi isiyokatika, ndipo jeni ya VRN1, ile inayoamuru mmea utunge suke, iwake. Huko kwetu Makete usiku baridi, mchana jua, ungevuna majani tu.

Tena hata ikitoa suke, sakitu ingeliua. Juzi nilitoa miche ya Norstar kwenye kabati la kugandishia. Majani yote kahawia, yameungua. Nikapasua kitako kwa wembe, pale shina linapokutana na mizizi: ndani kubichi kabisa! Nguvu hiyo mche huijenga taratibu. Joto likishuka chini ya nyuzi 10, jeni za CBF zilizo kwenye kromosomu 5A huamsha jeni nyingine za kukinga baridi, sukari inajaa, na protini zinazilinda seli, maana barafu ikiganda nje ya seli huzinyonya maji mpaka zinanyauka. Wiki kadhaa hivyo, mche unavumilia hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini VRN1 ikishawaka, mmea ukageukia kutunga suke, ule ulinzi unafifia. Ukiwa kwenye maua, nyuzi chache tu chini ya sifuri zinatosha kuumaliza. Na yako ilipigwa ikiwa kwenye maua, si ndiyo?

Ndiyo maana nawaza tarehe ya kupanda kuliko mbegu. Maua yasikutane na Juni na Julai. Na lile shamba la bondeni... hewa baridi hutiririka na kutuama kule kama maji. La Mzee Mbogela kule juu lilipona, au nimesikia vibaya?

Niambie: ulipanda lini hasa? Maua yalianza wiki gani? Mbegu ni ileile ya Elia? Kule bondeni utaweka viazi? Na mama anaendeleaje na mguu? Nijibu upesi, kabla hujashika jembe.

Wako,
Ayubu